Berega na hesabu ya saa za kibodi

Shule ya sekondari ikikabidhiwa kompyuta, jambo la kwanza kutangazwa ni idadi. Tatu, tano, ishirini. Mgeni rasmi anakata utepe, picha inapigwa, na idadi hiyo inaingia kwenye taarifa ya halmashauri. Idadi ya mashine peke yake haisemi lolote kuhusu kitakachofundishwa. Kipimo chenye maana ni kingine: kila mwanafunzi atashika kibodi kwa saa ngapi kwa mwaka, na kila saa hiyo inagharimu kiasi gani?

Tuipige hesabu hiyo kwa sekondari ya mfano ya mazingira ya Berega, upande wa Ukaguru katika Wilaya ya Kilosa. Berega haiko kando ya barabara kuu. Unaacha lami ya Morogoro kwenda Dodoma, unaingia barabara ya vumbi, na masika unauliza kwanza hali ya njia kabla hujapanda gari. Watu wanajua Berega kwa hospitali ya Kanisa la Anglikana, na wazazi wengi wa wanafunzi ni wakulima. Fundi wa kompyuta hayupo kijijini. Anatoka Morogoro mjini, na nauli yake ni sehemu ya bei ya kila tatizo.

Shule yetu ina kidato cha kwanza hadi cha nne, mikondo miwili kila kidato, wanafunzi 40 kila mkondo, yaani wanafunzi 320. Arobaini ndicho kiwango cha sera kwa darasa la sekondari. Shule nyingi za kata zimekivuka zamani, kwa hiyo hapa naipendelea shule kidogo. Kila mkondo unapata vipindi viwili vilivyounganishwa kwa wiki, dakika 80 kwa jumla. Kwa wiki 36 za masomo, hizo ni saa 48 kwa mwaka. Bei zote za vifaa nitakazotaja ni makadirio ya kawaida ya soko, yaliyowekwa kwa namba za mviringo ili mkuu wa shule au mjumbe wa bodi aweze kuyabadilisha kwa bei alizonazo yeye.

Kukiwa na kompyuta tatu, wanafunzi 13 au 14 wanazunguka mashine moja. Saa 48 zikigawanywa hivyo, kila mmoja anabaki na saa 3 na dakika 36 za kibodi kwa mwaka mzima. Kwa miaka minne ni saa 14 na dakika 24, ambazo hazifiki siku mbili za kazi za mtu wa ofisini. Kompyuta tano zinampa saa 6 kwa mwaka. Kompyuta 20, wanafunzi wawili kwa kila moja, zinampa saa 24 kwa mwaka na saa 96 kwa miaka minne.

Saa 96 zinatosha kujifunza kitu. Saa 14 hazitoshi hata kuzoea herufi ziko wapi. Anayejifunza kuchapa anahitaji saa kumi na zaidi za mazoezi kabla vidole havijaanza kwenda bila macho kuvitafutia njia, na mpaka afike hapo, kila somo lingine la programu linageuka kuwa somo la kuitafuta herufi. Mwalimu anasema andikeni jina la shule, dakika tano zinapita. Wenzake kumi na wawili wamesimama nyuma wanasubiri zamu, na aliye mbele kabisa, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kifua kikubwa zaidi, haachii kipanya. Wasichana wengi wanabaki nyuma ya kundi kwa miaka minne yote. Ukitaka kujua maabara inawafaa akina nani, angalia mikono iliyo kwenye kibodi, si majina yaliyo kwenye daftari la mahudhurio.

Sasa fedha. Kompyuta mpakato za mtumba zilizo katika hali nzuri tuziweke shilingi 400,000 kila moja. Ishirini ni milioni 8. Meza na viti kwa fundi seremala wa karibu, milioni 1.2. Nyaya na soketi 800,000. Nondo za madirisha na mlango wa chuma 600,000. Projekta 900,000, printa 500,000. Jumla ni milioni 12. Nimechagua mpakato badala ya kompyuta za mezani kwa sababu ya betri: umeme ukikatika katikati ya kipindi, kazi ya mtoto haipotei, na shule hainunui vifaa vya kuhifadhi umeme kwa kila mashine. Tukizipa miaka mitano ya kuishi, milioni 12 zinakuwa shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Fedha hizi hazionekani popote kwenye vitabu vya shule, kwa kuwa mfadhili alishazilipa. Lakini mwaka wa sita utafika, na atakayetakiwa kulipa siku hiyo ni shule.

Umeme ndio unaoogopwa kuliko yote, na kwa kweli ndio mdogo kuliko yote, mradi gridi imefika. Mpakato 20 kwa wati 40 kila moja pamoja na projekta vinakula kama kilowati 1.1. Mikondo minane kwa dakika 80 ni saa 10 na dakika 40 kwa wiki, saa 384 kwa mwaka. Hizo ni uniti 422. Kwa mteja wa kawaida asiye kwenye punguzo la majumbani, bei ya uniti moja pamoja na kodi na tozo imekuwa shilingi 356 hivi. LUKU ya 10,000 inatoa uniti 28. Jumla ya mwaka ni kama shilingi 150,000. Kompyuta za mezani za kizamani, zenye skrini zake, zingekula mara mbili ya hapo.

Matengenezo tuyape asilimia 10 ya bei ya mashine, shilingi 800,000, na hapa sitoi punguzo. Vumbi la kiangazi linaingia kwenye feni na kukaa kwenye mapezi ya kupoozea kama unga kwenye ungo. Mashine inapata joto, inajizima, na inaandikwa "mbovu" kwenye leja. Nyingi za mashine hizo zilihitaji bisibisi ndogo, brashi ya rangi ya shilingi elfu chache na mtu asiyeogopa kufungua kifuniko. Shule inayomfundisha mwalimu na wanafunzi wanne kufanya usafi huo kila muhula inaokoa nauli ya fundi na miezi ya kungoja. Karatasi na wino, 400,000. Intaneti, 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Gharama za kuendesha zinafika shilingi 1,710,000, na ukijumlisha uchakavu ni 4,110,000 kwa mwaka.

Linganisha na kilicho mkononi. Katika utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari imewekwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake, 12,500, ndiyo iliyopangiwa kwenda shuleni. Nusu nyingine inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa wanafunzi 320, shule inapokea milioni 4. Chumba cha kompyuta kinahitaji milioni 4 na 110,000. Chumba kimoja kinameza ruzuku yote na kudai zaidi, kabla hujanunua chaki, kemikali za maabara au karatasi za mitihani. Ndiyo maana wakuu wa shule wengi wanafunga mlango na kutunza funguo. Siwalaumu. Mtu aliyepewa mashine za milioni 8 bila shilingi ya kuzitunza anazilinda kwa njia pekee aliyo nayo, yaani zisiguswe.

Na bado hatujamtaja mwalimu. Tuukadirie mshahara wake kuwa shilingi 800,000 kwa mwezi, 9,600,000 kwa mwaka. Vipindi 16 kwa wiki tuvihesabu kuwa asilimia 60 ya mzigo wake. Somo hili basi linachukua 5,760,000 ya mshahara huo. Anayelipa ni Serikali, kwa hiyo shule haioni bili, ila ni fedha ya umma vilevile, na ni kubwa kuliko mashine, umeme, intaneti na matengenezo kwa pamoja. Jumla kuu ni 9,870,000 kwa mwaka, karibu shilingi 30,800 kwa kila mwanafunzi.

Igawanye sasa kwa saa za kibodi. Mashine 20 kwa saa 384 ni saa 7,680. Kila saa ya mtoto mwenyewe kwenye kibodi inagharimu shilingi 1,285. Kwenye shule yenye mashine tatu, saa zote ni 1,152, na mwalimu yuleyule, kwa mshahara uleule, anagharimu shilingi 5,000 kwa kila saa hata kabla hujahesabu mashine wala umeme. Shule yenye mashine tatu inaonekana imeanza kidogokidogo kwa gharama nafuu, kumbe inalipa karibu mara nne kwa kila saa ya kujifunza. Tofauti hiyo haionekani kwenye taarifa yoyote, maana inalipwa kwa muda wa mwalimu na kwa watoto waliosimama nyuma. Kugawa kompyuta tatu tatu kwa shule nyingi kunapendeza kwenye ramani. Kwa hesabu hii ndiyo njia ghali kuliko zote za kufundisha somo hili, na ningependa wanaopanga mgao waikubali hesabu kabla ya kuipenda ramani.

Tumefika kwenye programu zenyewe, ambazo ndizo somo. Kwa bei ya rejareja ya Marekani, Windows 11 Home ni dola 139, na Office Home 2024 ya kununua mara moja ilitoka kwa dola 149.99. Kwa mashine 20 hizo ni karibu dola 5,780. Kwa kadirio la shilingi 2,600 kwa dola, zaidi ya milioni 15. Programu zingezidi bei ya mashine karibu mara mbili. Hakuna shule ya kijijini itakayolipa hivyo, na kwa haki, si lazima ilipe hivyo: mpakato nyingi za mtumba huja na leseni yake ya Windows, na Microsoft inazo bei maalumu za elimu. Kinachotokea mara nyingi ni njia ya tatu. Fundi anaweka nakala isiyo na leseni kutoka kwenye flashi yake, na kupitia flashi hizohizo virusi vinahama kutoka stationery ya mjini hadi mashine zote 20.

Kuna jambo jingine la tarehe. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, yaani za kuanzia mwishoni mwa 2017. Nchi tajiri zinaondoa mashine za 2015 na 2016 kwa wingi, na nyingi zitakuja kwetu kwa bei nzuri au kwa msaada. Bodi ya shule ikae ikijua inachopokea: mashine nzima, zenye nguvu ya kutosha kwa kazi ya darasani, ila haziwezi kuendelea salama na Windows mpya.

Mashine hizo zinafanya kazi vizuri na Linux. Ubuntu na LibreOffice ni bure. Scratch ya MIT kwa wanaoanza kuandika programu ni bure. Python ni bure. GeoGebra kwa hesabu, GIMP kwa picha, hakuna leseni ya kulipia. Tanzania si mgeni katika hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wenye makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ukaiita Jambo OpenOffice. Mtoto wa Berega angeweza kufungua menyu na kusoma lugha anayoijua. Miaka zaidi ya 20 imepita, na ni masikitiko makubwa kwamba kazi ile haikuwekwa kwenye kila maabara ya sekondari. Haikuhitaji hata leseni moja ya kununua.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito: ofisini wanatumia Word na Excel, kwa nini tuwafundishe watoto kitu kingine? Jibu langu ni kwamba kwa saa 96, kinachofundishika ni mambo yaliyo chini ya majina hayo. Kuhifadhi faili na kulipata tena kesho. Kupanga aya na vichwa vya habari kwa mitindo badala ya kubofya nafasi mara ishirini. Kuandika =SUM(B2:B41) na kuelewa kwamba B2 hadi B41 ni safu ya wanafunzi 40, na kwamba ukibadilisha namba moja jumla inabadilika yenyewe. Fomula hiyo ni ileile kwenye LibreOffice Calc na kwenye Excel. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu jedwali la mavuno ya nyumbani kwao, magunia ya mahindi, bei ya kila mwezi, gharama ya mbegu na vibarua, atafute mwezi upi kuuza kulileta faida. Ndani ya vipindi viwili ameelewa jedwali, na amerudi nyumbani na swali la kumuuliza baba.

Intaneti nayo iangaliwe kwa namba. Mwaka 2021 TCRA ilitaja wigo wa bei za vifurushi kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa megabaiti. Toleo jipya la Windows la mwaka linaweza kufika gigabaiti 4. Mashine 20 zikilipakua kila moja kivyake ni gigabaiti 80: kati ya shilingi 162,000 na 748,000 kwa sasisho moja. Mwalimu anayejua kupakua mara moja na kusambaza kwa flashi anatumia gigabaiti 4 tu, chini ya shilingi 40,000 hata kwa bei ya juu. Ujuzi huo mmoja unalipa zaidi ya bajeti ya mwaka ya umeme wa maabara. Vivyo hivyo, Wikipedia ya Kiswahili nzima inaweza kuwekwa kwenye flashi kwa programu ya Kiwix na kusomwa bila mtandao. Programu ya Kolibri inafanya hivyo kwa masomo ya video na mazoezi. Chumba kinaweza kuwa na maktaba kubwa kuliko yoyote wilayani bila bando kuwashwa.

Kwa shule ambayo gridi haijafika, Karatu wametangulia. Shirika la Powering Potential lilianzia Sekondari ya Banjika mwaka 2007, na baadaye likaweka kwenye shule za Tanzania maabara za umeme wa jua zinazotumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2012 kwa dola 35. Pamoja na skrini yake inakula kama wati 25. Ishirini ni wati 500, robo ya mashine za mezani za kizamani, kwa hiyo paneli na betri, ambavyo ndivyo gharama kubwa ya umeme wa jua, vinapungua kwa kiasi hichohicho.

Mashine bila mwalimu tumeshaona zinafika wapi. Peru ilisambaza mpakato za mradi wa OLPC, wa kompyuta moja kwa kila mtoto, kwa mamia ya maelfu. Utafiti wa mwaka 2012 wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika (IDB), uliohusisha shule 319, haukuona tofauti yoyote ya maana katika hesabu wala lugha. Kwetu kuna sababu ya ziada ya kumwangalia mwalimu. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974 na kuiondoa marufuku hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kizazi kizima kilisoma na kuanza kazi karibu bila kuiona kompyuta, na hao ndio waliowafundisha wengi wa walimu wa leo. Mwalimu wa hesabu au fizikia aliyepewa somo hili kwa sababu "anajua simu" anahitaji mafunzo, na mafunzo yaandikwe kwenye bajeti ileile ya mashine.

Hesabu inayonipa matumaini zaidi ni ya muda. Kwa vipindi vinane vya dakika 40 kwa siku, wiki ina saa 26 na dakika 40 za masomo. Maabara yetu inatumika saa 10 na dakika 40, asilimia 40 tu, na jioni na Jumamosi imefungwa kabisa. Ifunguliwe saa mbili baada ya masomo, siku nne kwa wiki: saa 288 kwa mwaka, mashine 20, saa za kibodi 5,760 zaidi. Umeme wake ni kama shilingi 82,000. Mwalimu wa zamu alipwe 5,000 kwa kila jioni, 720,000 kwa mwaka. Kila saa ya ziada inagharimu shilingi 139, dhidi ya 1,285 za mwanzo, na mwanafunzi anatoka saa 24 hadi saa 42 kwa mwaka bila kununua mashine hata moja.

Jumamosi iwe ya kijiji. Wahudumu wa afya, watendaji, wenye maduka, vijana wanaotuma maombi ya kazi: mashine kumi, saa nne, shilingi 1,000 kwa saa, kwa Jumamosi 36. Zikijaa, zinaingia 1,440,000; toa umeme na posho ya msimamizi ya 5,000, zinabaki kama 1,240,000. Uchakavu wa mwaka ulikuwa 2,400,000. Pengo linalobaki ili mashine mpya zinunuliwe mwaka wa sita ni 1,160,000, shilingi 3,625 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mfadhili akija Berega na kompyuta 20, aombwe na hili pia: aahidi kuliziba pengo hilo kwa miaka mitano, jumla shilingi 5,800,000, na liandikwe kwenye mkataba uleule wa makabidhiano.